Sikio na Bega: Karani wa Picha Anayemtafuta Kibarua Aliyempoteza

Saa moja asubuhi. Chumba cha habari bado kitupu, lakini ghala la picha la ghorofa ya chini tayari lina mtu. Amesimama dirishani, ameuinua mkanda wa filamu kwenye mwanga, jicho moja amelifumba. Anatazama picha ya kwanza, ya pili, ya tatu. Anatikisa kichwa, anaurudisha kwenye bahasha, anachukua mwingine.

Wenzake humwita Mzee Maelezo. Kwa miaka thelathini na moja kazi yake ni kuandika nyuma ya kila picha ya gazeti nani ni nani. Amebakiza miezi minne astaafu. Wengine wa rika lake wanahesabu siku. Yeye anahesabu masanduku ya filamu ambazo hazijawahi kupangwa. Yako arobaini, na kumi na saba ameyamaliza.

"Namtafuta mtu mmoja," anasema. "Nilimpoteza mwenyewe, kwa mkono wangu huu."

Ilikuwa mwaka wake wa pili kazini. Mpiga picha alirudi kutoka kwenye ufunguzi wa daraja na picha ya mgeni rasmi akikata utepe, nyuma yake vibarua ishirini na wawili waliolijenga. Alileta pia karatasi yenye majina yao yote kwa mpangilio waliosimama, aliyoandikiwa na mnyapara. Mtambo wa kuchapa ulikuwa unasubiri. Mzee Maelezo akaandika jina la mgeni rasmi, akaandika wadhifa wake, nao ulikuwa mrefu, nafasi ikamwishia. Akamalizia kwa maneno mawili aliyofundishwa siku ya kwanza: na wengineo. Karatasi akaitupa kapuni.

"Nilikuwa kijana. Nilidhani historia ni ya wenye makoti."

Majuto ni mjukuu, na wa kwake aliingia mlangoni mwaka jana akiwa na umri wa miaka ishirini na minane.

"Shikamoo baba. Nimeambiwa hapa kuna picha ya daraja."

Ni mshonaji. Baba yake, kibarua wa daraja hilo, alifariki miezi miwili baada ya ufunguzi, yeye akiwa bado tumboni. Mama naye akafariki binti hajaanza shule. Hajawahi kuiona sura ya baba yake popote. Aliiinamia ile picha, kidole kikipita uso kwa uso.

"Ni yupi, baba?"

"Sijui, binti yangu."

"Si ndiyo kazi yako, kuandika majina?"

Mzee Maelezo anasema aibu aliyoiona siku ile hajawahi kuiona hata mbele ya mhariri. Habari ya karatasi hakuisema. Binti aliondoka na nakala, akaitundika sebuleni. Mwanawe wa miaka minne amefundishwa kuwaamkia wote ishirini na wawili, shikamoo babu, maana wake hajulikani.

Tangu hapo karani huyu hapokei picha isiyo na majina kamili. Waandishi vijana humtania: "Mzee, hata mbuzi utamwandika?"

"Mbuzi mwenye mtoto atakayekuja kumuulizia, namwandika."

Akaanza kumsaka mnyapara. Alimpata, mzee wa miaka themanini na moja, akili bado kali. Ila majina ya kwenye karatasi alikuwa ameyanakili kutoka daftari la kambi, lililoonyesha nani anaitwaje, na daftari halipo tena. Yeye aliwajua watu wake kwa majina ya utani ya kazini tu. Akapitisha kidole juu ya picha aliyoletewa.

"Huyu Kijiko, hakukosa sahani. Huyu Kesho, ukimtuma leo umejitesa."

"Na aliyekuwa na mke mjamzito?"

"Ah, Bwana Harusi. Ndiye peke yake aliyekuwa ametoka kuoa." Akaweka kidole. "Huyu hapa, nyuma ya mkono wa mgeni rasmi."

Mkono ulioinua mkasi umeuziba uso wote. Kilichobaki ni sikio na bega.

Tumaini lake ni kwamba mpiga picha yule, sasa marehemu, hakuwahi kupiga mara moja tu. Alipiga sita, saba, ndipo achague. Nyingine zimo katika masanduku haya, kama panya hawajamtangulia. Lakini sanduku moja humlia wiki nzima, na wiki zimebaki kumi na saba. Amemwomba mhariri amruhusu aendelee kuja akishastaafu, bila malipo. Amejibiwa, "Tutaona, mzee."

"Nimekaa hapa vya kutosha kuijua hiyo tutaona," anasema.

Aliomba simulizi hii isitoke kabla hajamwona binti, asije akayasoma haya gazetini. Jumapili alikwenda. Akamweleza yote: karatasi, kapu, mkono wa mgeni rasmi.

Binti aliinuka. Alisimama mbele ya picha ukutani, akalitazama lile sikio kwa muda mrefu.

"Masanduku yamebaki mangapi?"

"Ishirini na matatu."

"Jumamosi sishoni," akasema, bado amempa mgongo. "Nitakuja tuyafungue."

Kama amemsamehe, hakusema, na Mzee Maelezo hakuthubutu kuuliza.