Pikipiki ya Mbaluka Iliyolalia Kulia

Mtu akitaka kumjua Mbaluka wa Noonkopir, Kitengela, asianze na pikipiki. Aanze na mbuzi.

Mbaluka aliendesha lori la magadi miaka mingi, akipita Oltepesi kwenda na kurudi mpaka mgongo ukamkataa. Alipoacha lori alinunua mbuzi, akawaweka nje kidogo ya Kitengela kwa shamba la ndugu yake, na waliokomaa alikuwa akiwapeleka Bisil siku ya soko. Huko alikuwa na mnunuzi mmoja tu, Abdinoor, mtu mrefu wa ndevu za hina. Mimi hunoa visu nikizunguka, na wachinjaji wa Bisil ni wateja wangu, kwa hivyo nimewaona hao wawili wakifanya biashara mara nyingi.

Abdinoor hanunui mbuzi wa mtu bila kumfungua mdomo aone meno, kisha amminye mgongo. Watu wa soko husema angemfungua mdomo hata mbuzi wa mamake. Lakini wa Mbaluka alikuwa hawaangalii. Alikuwa akipunga mkono tu akiwa ameketi: "Hao ni wa Mbaluka, pitisha." Basi wanapita moja kwa moja kwenda kwa lori. Pale Bisil hiyo ni heshima kubwa kuliko kuitwa mheshimiwa.

Sasa pikipiki. Kulikuwa na mzungu mmoja mchimba visima, mteja wa nyama wa Abdinoor. Alipomaliza kazi yake akamwuzia Abdinoor pikipiki ya Kiitaliano, akarudi kwao. Abdinoor hajui kupanda pikipiki. Aliiingiza kwa store katikati ya magunia ya chumvi ya mifugo, akaifunika turubai. Siku moja Mbaluka akaingia humo kutafuta kamba, akainua turubai.

Nilikuwa mlangoni. Nilimwona amesimama na kamba mkononi, amesahau kamba ni ya nini. Pikipiki ilikuwa nyekundu iliyokolea, na kwa tangi kulikuwa na tai aliyetandaza mabawa. Injini yake ilikuwa imetokeza vichwa viwili nje, kila upande kimoja, kama ng'ombe wa pembe fupi. Mbaluka aliniambia baadaye kwamba si zile kubwa kabisa, ni ya katikati, injini ya cc mia saba na hamsini. Kwangu mimi, ukiilinganisha na za bodaboda, ilikuwa fahali kando ya ndama. Na akaniambia kwamba zamani, akiwa anapandisha lori lenye mzigo, moja kama hiyo ilimpita ikitoa sauti kama mtu anayecheka kwa tumbo, na tangu siku hiyo hajawahi kuisahau.

"Inaenda?" akauliza.

"Ilikuja hapa ikienda," Abdinoor akasema.

"Wewe umeipanda?"

"Mimi nimepanda ngamia. Ngamia anajua njia ya nyumbani. Hiyo inajua nini?"

"Na iko na shida?"

"Mwenyewe alisema haina. Mimi sijui, Mbaluka. Lete fundi afungue, aangalie."

"Aiya! Kwani wewe hufungua mbuzi wangu?"

Wakacheka, wakapeana mikono. Pesa ilikuwa ya mbuzi, iliyowekwa kidogo kidogo. Karatasi zikaandikwa jina la Mbaluka kama sheria inavyotaka. Akanunua betri mpya, akaondoka nayo Bisil mimi nikiwa nyuma nimemshika kiuno, kofia yangu nimeifungia kwa shingo. Watu wa Isinya walitutazama mpaka tukapotea.

Maneno yalianza tukifika tu. Mugure, anayeuza sukuma mbele ya geti la Mbaluka, alisimama na kisu mkononi, akamwita kwa jina la bintiye.

"Baba Purity! Umeuza shamba la nani?"

"Sijauza shamba."

"Hapa Kitengela mtu haamki na kitu kama hiki hivi hivi. Kama umeuza ploti, sema mapema. Isije ikawa umewauzia watu watatu, na mmoja wao ni mimi."

Alikuwa anatania, lakini jicho lake halikucheka. Hata askari wa barabarani walikuwa wakimsimamisha kila akipita, wakitazama karatasi, wakimtazama yeye, wakirudi kwa karatasi. Mbaluka alivumilia. Kushukiwa na watu wasiokujua si kitu.

Jambo lenyewe lilitoka kwa stendi ya bodaboda. Vijana waliizunguka, mmoja akainama chini akapiga kelele, "Mzee, umeuziwa bila cheni!" Mbaluka akawaonyesha kwamba hiyo haitumii cheni, kuna mti wa chuma ndani ya ule mkono wa nyuma unaozungusha gurudumu. Wakatazamana kama watu walioambiwa kuna ng'ombe asiyekula nyasi. Kisha akaja Oyoo, fundi wao, akifuta mikono.

"Hebu washa, mzee. Usiende. Piga resi hapo hapo."

Mbaluka akawasha, akaivuta mafuta ikiwa imesimama. Pikipiki yote ikalala kulia, kidogo, kama mtu aliyesukumwa bega. Akaachilia, ikarudi.

"Tena."

Ikalala tena kulia.

Oyoo akatikisa kichwa. "Pole, mzee. Hii iligongwa. Fremu imepinda ndani, injini inavuta upande mmoja. Nimetengeneza pikipiki tangu nitoke shule na sijaona hii."

Ni kweli alikuwa hajaona. Oyoo si mwongo. Lakini zote alizowahi kuzishika zilikuwa za bodaboda.

Tangu siku hiyo Mbaluka hakuipanda kwa furaha. Aliiweka uani, anaiwasha, anavuta, anatazama inavyolala, anazima. Halafu anachutama na tochi mchana. Akapata mkwaruzo chini ya tangi. Akapata nati moja inayong'aa kuliko nyingine.

"Hii imefunguliwa," akaniambia. "Nati haing'ai bila sababu."

"Labda ilibadilishwa ikiharibika."

"Iliharibika vipi?"

Nikaendelea na kisu cha Phylis, mke wake, ambaye nilikuwa nimekaa kwake uani siku hiyo.

Abdinoor akapiga simu. Ile pikipiki imeandikwa Moto Guzzi, na yeye alikuwa akiiita Moto tu. "Moto inaendeleaje?" Mbaluka akajibu ni nzuri, akakata, akatugeukia.

"Kwa nini anauliza? Mtu aliyeuza kitu kizima haulizi."

Wiki iliyofuata Abdinoor hakupiga. "Mmeona? Ananikwepa."

Phylis akaweka sufuria chini. "Baba Purity, ulipolazwa ule mwaka wa mgongo, nani alikuwa akituletea nyama na maziwa hapa? Nilikuwa na simu moja tu ya kupiga na nilimpigia yeye."

"Ndiyo sababu! Mtu akitaka kukufunga macho anaanza kwa wema."

"Basi na mimi nimekupikia miaka hii yote. Sijui ninakutegea nini."

Hakucheka. Jioni alinisindikiza mpaka kwa barabara na akanitolea lile lililokuwa likimla. "Mzee, pesa nitatafuta nyingine. Lakini ikiwa Abdinoor alijua, basi ile 'pitisha' yake ya miaka yote ilikuwa chambo. Na mimi nimekuwa samaki."

"Mwulize."

"Nitamwuliza."

Hakumwuliza. Siku ya soko aliipeleka pikipiki Bisil, akaisimamisha mbele ya Abdinoor kati ya mbuzi na watu, akapiga resi. Mbuzi wakatawanyika. Morani aliyekuja kunisalimu akasahau kumalizia "Supai."

"Unaona inavyolala?" Mbaluka akasema kwa sauti ya juu. "Hii ilianguka. Uliniuzia mnyama aliyevunjika mguu."

Abdinoor aliitazama pikipiki, kisha Mbaluka. "Unasema nilijua?"

"Mimi nauliza tu."

"Hapana. Hujauliza. Umesema."

Abdinoor akanyoosha mkono, akapewa ufunguo. Kabla ya wiki kuisha pesa yote ilikuwa imerudi kwa benki ya Mbaluka, bila neno na bila simu. Mbaluka alipoiona hakufurahi. "Amerudisha haraka sana," akasema. "Asiye na hatia angebishana." Lakini alilisema kama mtu anayesukuma mlango na hajui kama anataka ufunguke.

Jumapili hiyo Purity, binti yao, alikuja kutoka Athi River. Baada ya chakula akasimuliwa yote, akatoa simu yake, akaandika kitu. Akampa babake. Ilikuwa picha ya kutembea: mzungu mwenye kipara, duka lenye sakafu inayong'aa, pikipiki yenye tai, bado ina karatasi ya nailoni kwa kiti. Yule mzungu akapiga resi. Ikalala kulia.

Mbaluka akairudia. Akairudia tena.

"Baba, hii ni mpya. Haijatoka hata kwa duka."

"Labda iliangushwa wakishusha."

Purity akamwonyesha nyingine, nyeusi. Ikalala kulia. Akamwonyesha ya kijani, ya mtu mwingine, nchi nyingine. Ikalala kulia.

"Zote zimeanguka, baba? Mti wa injini yake umelazwa kutoka mbele kwenda nyuma, unazunguka kwa ubavu. Ukiivuta inasukuma mwili. Ndivyo zinavyotengenezwa."

Phylis alikuwa ameanza kukusanya sahani. Alizikusanya polepole sana, ya mumewe akaiacha mezani.

Siku ya soko iliyofuata Mbaluka alikodi pikapu, akapakia mbuzi wanne. Mimi nilikuwa nimeshafika Bisil, niko na kisu cha mchinjaji mkononi. Nilimwona akishuka. Abdinoor alikuwa ameketi mahali pake.

"Abdinoor, nilikosea. Za aina hiyo zote hulalia kulia. Ndivyo zilivyo."

"Nani amekuambia?"

"Purity. Alinionyesha kwa simu."

Abdinoor akazivuta ndevu zake kidogo. "Kwa hivyo simu umeiamini."

Mbaluka akatazama chini.

"Iko kwa store," Abdinoor akasema. "Hakuna mtu ameigusa. Ukitaka, ni yako."

"Kwa bei gani?"

"Mimi sina bei mbili."

Nilimwona Mbaluka akishusha mabega. Alidhani limekwisha. Hata akatabasamu, akaashiria nyuma kwa pikapu. "Na mbuzi nao nimeleta. Wanne." Akasimama akingoja ule mkono upungwe.

Haukupungwa. Abdinoor alijiinua kwa fimbo yake, akaenda kwa mbuzi wa kwanza, akamshika taya, akamfungua mdomo. Akatazama meno. Akamminya mgongo. Akaenda kwa wa pili. Mchinjaji niliyekuwa namnolea aliacha kuongea, na wauzaji wa jirani wakageuka mmoja mmoja, kwa sababu kila mtu pale alijua anachokiona. Hakufanya kwa hasira. Alifanya vile anavyowafanyia wa kila mtu.

Alipomaliza wa nne akajifuta mkono kwa kikoi. "Wako sawa," akasema. "Pitisha."

Mbaluka bado ana pikipiki yake. Amenipeleka nayo mpaka Oltepesi, na sauti yake ni ile ile ya kucheka kwa tumbo. Akiiwasha inalala kulia, na hakuna anayeulizwa. Wao wawili husalimiana vizuri, hunywa chai, Abdinoor huuliza habari za Moto na Mbaluka humjibu mpaka mwisho. Lakini siku ya soko mbuzi wa Mbaluka hufunguliwa mdomo mmoja mmoja kama wa watu wengine. Mbaluka mwenyewe ndiye huwashika pembe, ili wasimsumbue Abdinoor akiangalia.