Rafu ya Setilaiti

Siku yangu ya kwanza katika maktaba ya Voi nilipewa muhuri, wino na kitambaa cha kufutia vumbi. Mkutubi Mkuu, mzee mkali ambaye hakuvua tai hata wakati wa joto la Februari, aliniambia kwamba kitambaa ndicho kitakachochakaa kwanza. Alisema kweli. Vumbi jekundu la Voi huingia hata ndani ya kitabu kilichofungwa. Asubuhi ile alinifundisha kusajili, yaani kuandika kila kitabu kipya kwenye daftari kubwa na kukipa namba ya rafu. Alinifundisha pia kuondoa, yaani kukigonga kitabu kilichochakaa muhuri wa kukitoa rafuni.

"Kusajili kunataka mwandiko mzuri," alisema. "Kuondoa kunataka sababu."

Baada ya miaka michache nilihamishiwa Taveta, kwenye chumba kimoja kilichohudumia shule za upande wa Bomeni. Huko ndiko nilikopokea katoni ya vitabu vya msaada, na ndani yake kitabu cha watoto kuhusu setilaiti za kijasusi. Kilieleza jinsi chombo kinavyoizunguka dunia kikipiga picha za kambi na barabara za watu wengine bila wenyewe kujua. Watoto walikipigania. Msichana mmoja aliniuliza kama chombo hicho kinamwona akioga. Nilikiweka kwenye rafu ya watoto, lakini Msimamizi wa Wilaya alipokuja kukagua aliamuru kiende rafu ya juu, pamoja na vitabu vya ulinzi, ambako mtoto asingekifikia. Sikubisha. Nilikuwa nimeshaanza kujifunza kutobisha.

Niliporudi Voi kama naibu, mambo ya setilaiti yalikuwa kila mahali. Wasomaji wa riwaya za upelelezi walitaka zile ambamo jambazi hanaswi mpaka aonekane kutoka angani. Vijana walikuwa na nyimbo kwenye simu zao, mwanamke akimwonya mumewe kwamba ana setilaiti yake na anamwona alipo. Madukani kulikuwa na vidude vya plastiki vya umbo la setilaiti, vyenye mabawa mawili na kioo tumboni. Basi nikatenga rafu moja, nikaweka vitabu vya watoto na vya wakubwa, kidude kimoja nilichonunua mwenyewe, na orodha ya nyimbo. Hakuna kitu nilichokifanya katika kazi ile kilichonipa raha kama hicho.

Aliyeipa uhai rafu hiyo alikuwa Mghoi, mama wa watoto wawili kutoka Bura, aliyeajiriwa kwa kandarasi ya mwaka mmoja mmoja kusimamia kona ya watoto. Kila Jumamosi aliwakusanya, wakaunda setilaiti kwa pakiti za maziwa, nyaya na karatasi za kung'aa. Kisha wakatunga wimbo. Kundi moja liliuliza, "Jicho la juu, unaona nini kwetu?" na kila mtoto akajibu alichotaka kionekane. Mmoja aliona ndovu kwenye mahindi ya nyanya yake. Mwingine aliona bomba lisilotoa maji. Mjukuu wa jirani yangu wa Mbololo alikwama, nami niliyekuwa nikisikiliza mlangoni nikampa mstari: "Naona ua wa tajiri, kila mwaka unasogea."

Mghoi alinitazama, akacheka, akauandika.

Siku ya maonyesho, mgeni rasmi alikuwa mwenyekiti wa kamati ya maktaba yetu, mwenye shamba kubwa karibu na Mbololo. Ua uliosogea kwenye mashamba ya majirani ulikuwa wake, na kila mtu pale alijua. Alipiga makofi kama wengine. Jumatatu, Meneja wa Tawi, kijana aliyenizidi cheo, akaniita.

"Maneno ya ua yalitungwa na nani?"

Nilimweleza kwamba hiyo ilikuwa shughuli ya Jumamosi, ya Mghoi.

"Sijauliza shughuli. Nimeuliza maneno."

"Mghoi ndiye anayewafundisha," nikasema.

Niliandika ripoti yenye sentensi hiyo hiyo, nikatia sahihi. Kandarasi ya Mghoi haikuendelezwa. Niliagizwa kuondoa vitabu vya rafu ile, nikavigonga muhuri kimoja kimoja, na hakuna hata kimoja kilichokuwa kimechakaa. Setilaiti za watoto zilichomwa pamoja na takataka nyuma ya jengo. Watoto walipouliza, niliwaambia rafu inafanyiwa ukarabati. Waliuliza wiki tatu, kisha wakaacha kuja.

Meneja alipohamishwa, nilipewa kiti chake, nikakikalia mpaka nilipostaafu. Kwenye sherehe ya kuniaga walinisifu kuwa mtu asiyeleta matatizo.

Kwa miaka mingi nililikwepa soko la Voi upande wa mboga, kwa sababu Mghoi aliuza kabichi huko. Mwaka jana nikaenda. Alinisalimia kwa heshima, akaniuliza hali ya mke wangu. Nikamwambia nilichokuja kusema: kwamba mstari ule ulikuwa wangu na nilinyamaza.

"Mzee Mwakio, meneja aliniita mimi kwanza," akasema. "Nikamwambia mstari ni wangu. Nilijua wewe ukiitwa utasema ni wako. Tungekuwa wawili, na asingejua amfukuze nani."

Hakuinua sauti. Akamgeukia mteja aliyekuwa akichagua sukuma wiki.

Vijana wanaoingia kazi hii hunitembelea nyumbani kuniuliza jinsi tulivyosajili vitabu kabla ya kompyuta. Nawaeleza yote, daftari, kadi, namba za rafu. Jinsi tulivyoviondoa hawaniulizi, nami siwaambii. Wanaandika, wananishukuru, na wanaondoka wakiamini wamezungumza na mkutubi.