Kamba Niliyoifungua

Nikisikia harufu ya nywele za bandia zinazochovywa kwenye maji ya moto, narudi mara moja kwenye saluni ya mama kule Turffontein, Johannesburg, mwaka 2017, nikiwa na miaka kumi na kujiona najua kila kitu. Mama alisuka. Mimi nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikimsomea ujumbe wa simu na kumjazia fomu, kwa sababu hakuwahi kwenda shule. Nisiwafiche: nilimwonea haya.

Muhula ule mwalimu alitufundisha habari za Wainka wa milima ya Andes. Kumbukumbu zao waliziweka kwa kufunga mafundo kwenye nyuzi, na mjuzi alizipapasa kwa vidole akasoma. Wahispania walipoingia, kamba nyingi zilichomwa na wasomaji wakafa. Zipo zilizobaki kwenye majumba ya makumbusho ambazo hata leo wataalamu hawajui zinasema nini. Niliwachukia Wahispania wale hadi chakula cha jioni kikanishinda.

Kila mtoto aliambiwa atengeneze kamba yake. Nilijaribu kwa nywele za saluni, mafundo yakateleza. Ndipo nikakumbuka kamba ya katani iliyokuwa ndani ya sanduku la mama, imeviringishwa kwenye kipande cha kitenge. Ilijaa mafundo makubwa na madogo, yamekaa ovyo ovyo. Alasiri nzima niliyafungua kwa meno na kwa mkia wa kitana, mpaka kamba ikanyooka. Kisha nikafunga yangu kwa mpangilio: umri wangu na namba ya nyumba yetu. Mwalimu akaibandika nyota.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, mjomba Amisi, mdogo wake mama, alikuja kuaga. Alikuwa mlinzi, amepata likizo, na alikuwa anarudi Fizi, kwetu Kongo, kutafuta makaburi. Wakati wa vita mama na jamaa zake walikimbia kwa miguu, na kila aliyekufa njiani walimzika pale pale porini. Ukoo ulitaka mifupa irudishwe nyumbani, ilale karibu na ya wazee. Lakini mjomba wakati ule alikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni, hakukumbuka kitu. Aliyeijua njia ni mama.

“Leta ile kamba iko mu sanduku, mama,” mama aliniambia. Ndivyo alivyoniita mimi binti yake siku zote.

Niliileta na nyota yake, nimejaa fahari. Mama aliipitisha vidoleni. Akarudia.

“Mafundo yangu iko wapi?”

“Nilifungua. Ilikuwa imekaa mubaya.”

Hakunipiga. Heri angenipiga. Alimweleza mjomba polepole kwamba fundo kubwa lilikuwa kaburi, na dogo siku moja ya kutembea. Miaka yote hiyo aliiachia kamba ikumbuke, ili yeye apate kulala. Akaanza kufunga upya.

“Toka pa muto mpaka pa mama, siku mbili. Toka pa mama mpaka pa Furaha, siku tatu.” Akakunja kidole cha nne. “Ao ine.”

Mama aliyemtaja ni bibi yangu, na Furaha alikuwa mtoto wa kwanza wa mama yangu. Siku hiyo ndiyo niliyojua kwamba niliwahi kuwa na dada. Mama alilifungua fundo, akalifunga, akalifungua tena, hadi mjomba akamshika mikono.

“Acha, yaya,” akamwambia dada yake.

Mjomba alikwenda. Alirudi baada ya mwezi, mikono mitupu.

Nilikuja kuelewa nimekua, na kuelewa hakujanisaidia kitu. Niliumia kwa ajili ya kamba za watu wa mbali, na nyumbani kwetu ilikuwamo moja, msomaji wake yu hai, nimekaa miguuni pake kila siku na sikuwahi kumwuliza. Wahispania angalau walikuwa wageni. Mama bado anasuka. Hajawahi kunilaumu, na tangu Jumapili ile hajalitaja tena jina la Furaha.