Pumzi Hamsini na Mbili

Dada yangu anayenifuata kuzaliwa anahesabu magunia, na ndiyo kazi yake. Anakaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni mwa ghala, wapagazi wanapita mbele yake wameinama, na kila gunia analikunjia kidole kimoja. Vidole kumi vikiisha anahamisha kokoto kutoka mfuko wa kulia kwenda wa kushoto. Akisema lori limebeba magunia mia tatu na kumi, basi ni mia tatu na kumi, hata dereva aape mpaka akauke koo. Wapagazi wanamwita Mama Tarakimu, ila wakiwa mbali naye kidogo.

Mimi kaka yake nina kipaji ambacho serikali bado haijakitambua: kuvuruga hesabu za watu. Mtu anahesabu vitu vyake kwa utulivu, napita nyuma yake narusha namba: "Kumi na tisa! Sitini na mbili! Nane!" Nimewaangusha mabingwa. Mwalimu wangu wa hesabu nilimvuruga mpaka akanitoa darasani, na huo ndio ukawa mwisho wa elimu yangu. Akili nilikuwa nazo, tena za kumwaga. Ni dada peke yake niliyemshindwa. Nitarusha namba zote ninazozijua, naye anafika mwisho wa hesabu yake ndipo ananiuliza, "Umemaliza, kaka?"

Jumamosi moja asubuhi nilikwenda kwake kunywa chai, kwa sababu kwangu sukari ilikuwa imeisha na kwake huwa haiishi. Mwanawe wa mwisho, mwenye mwaka mmoja na miezi minne, alikuwa amelala mkekani. Ilikuwa siku ya tatu ya mafua na kikohozi. Dada alikuwa akimfuta pua kwa kitambaa safi, akimnyonyesha kila alipotaka, na kumpa uji mwepesi kijiko kwa kijiko. Nikamgusa mpwa wangu kwenye paji la uso. Halikuwa na joto.

"Huyu mzima," nikasema. "Mafua tu. Homa hana."

"Sijakuuliza homa."

Alikuwa amempandisha mtoto fulana mpaka kwapani. Simu iko mkononi inaonyesha sekunde, macho ameyakaza tumboni kwa mtoto.

Haya alifundishwa zahanati siku ya chanjo. Muuguzi aliwaambia kina mama wahesabu pumzi za mtoto mwenye kikohozi akiwa ametulia, halii wala hanyonyi, kwa dakika nzima. Tumbo likipanda na kushuka, hiyo moja. Mtoto wa miezi miwili mpaka karibu mwaka akifikisha hamsini, anapumua haraka mno. Wa mwaka mmoja mpaka mitano, kikomo chake ni arobaini. Hapo inaweza kuwa nimonia, na nimonia haingoji homa ipande. Na ukiona kifua kinabonyea chini ya mbavu kila anapovuta pumzi, au hawezi kunyonya, au amelegea haamshiki, au degedege limemshika, usihesabu chochote, mpeleke. Wenzake walisahau kabla hawajafika getini. Dada ukimpa namba umempa mali.

Sasa mimi, nimeona mtu anahesabu, mdomo ukawasha. "Thelathini na saba! Kumi na moja! Tisini!"

Dada akanyanyua uso.

"Umenipoteza," akasema.

Hakukasirika. Alirudisha sekunde za simu kwenye sifuri. Neno lile nilikuwa nimelisubiri miaka thelathini, na nilipolipata sikujua niliweke wapi. Nikatua kikombe chini nikatazama ukuta.

Akaanza upya. Dakika ile ilikuwa ndefu kuliko hotuba.

"Hamsini na mbili."

"Labda anaota anakimbia."

"Hamsini na mbili, kaka."

"Ninayo dawa kule nyumbani, ile ya kikohozi changu. Imebaki nusu chupa."

"Imeandikwa nini?"

"Karatasi imebanduka. Lakini ladha yake naikumbuka."

"Kanywe wewe."

"Dada, mimi nimelea watoto sita..."

"Umelea? Ulikuwa unapishana nao mlangoni."

Saa tano kasorobo. Jumamosi zahanati hufunga saa sita, na ghalani malori mawili yalikuwa yakimngoja. Akampigia msimamizi wake. "Leo siji. Tafuta mwingine wa kuhesabu." Nikasikia msimamizi akiuliza nani. "Yeyote mwenye vidole," akasema, akakata simu.

Nikambeba mtoto mimi, kwa kuwa mimi ndiye mwenye miguu mirefu. Dada alikuwa hatua moja nyuma yangu njia nzima, macho hayabanduki mgongoni kwa mwanawe. Tulipofika muuguzi alikuwa anafunga madirisha. Akayaacha, akampandisha mtoto fulana, akahesabu. Hamsini na nne. Akatazama mbavu, hazibonyei. Akasema ni nimonia, akatoa vidonge vya kuyeyusha kwenye maji safi, asubuhi na jioni, siku tano zote hata mtoto akichangamka mapema. Aendelee kunyonya. Warudi Jumanne, na akizidiwa wasingoje Jumanne.

"Muuguzi," nikasema, "tatizo hili tumeligundua mimi na dada."

"Baba, niachie nafasi nifunge dirisha."

Jumapili mtoto alinyonya kidogo, akalala sana. Dada alihesabu kila alipolala, nami niliketi nje ili mdomo wangu uwe mbali. Jumatatu jioni aliomba uji mwenyewe, kwa kuuvuta mkono wa mama yake.

Jumanne tukarudi. Safari hii dada aliomba wahesabu wote wawili, yeye na muuguzi, dakika ile ile. Mpwa wangu alikaa mapajani mwangu amenyamaza, ameshika kifungo cha shati langu.

"Thelathini na tatu," akasema muuguzi.

"Thelathini na nne," akasema dada.

"Mama, mtoto anapona huyu."

"Naona," akasema dada, akaandaa simu tena. "Turudie."