Mguu wa Dominika Melini

Dominika wa Ilemba hakuwahi kutembea bila sababu. Alitembea kwenda shambani, kisimani, kanisani. Ujanani alishuka bonde la Mtowisa na mahindi kichwani, akapanda tena mlima na mchele, mimba ikiwa tumboni. Mumewe alipofariki alilima peke yake matuta yale ya kufukia majani yaoze chini, na hayo matuta ndiyo yaliyomlea mwanawe Meshack mpaka akawa mfanyabiashara wa mahindi Sumbawanga mjini.

Meshack alipopata uwezo, jambo la kwanza alilofanya ni kumnyang'anya mama yake jembe. "Umechoka vya kutosha, mama. Sasa kaa." Akamjengea nyumba ya bati, akamtafutia mtu wa kulima. Dominika akakaa. Akanenepa, watu wakamsifu kuwa ametunzwa. Kumbe sukari ilikuwa inapanda.

Siku moja jikoni alikanyaga kaa la moto. Hakusikia maumivu hata kidogo. Alisikia harufu, akauliza nani anachoma nyama. Ndipo alipojua kwamba mguu wake wa kulia umeanza kumwacha.

Kliniki, nesi Jane aliushika ule mguu kwa mikono miwili kama anayeshika kichanga. "Mama, sikufichi. Tembea kila siku, hata kama huna pa kwenda. Mboga ijae nusu ya sahani, ugali usizidi ngumi yako. Sembe iache, kula dona au ulezi. Na kila jioni kagua nyayo. La sivyo tutaukata huu."

Dominika akayashika maneno hayo. Kila asubuhi akawa anakwenda mpaka kigangoni na kurudi. Waliomwona walidhani anakwenda kusali, naye hakuwasahihisha. Msimu mzima wa mvua ukapita hivyo, na Jane akafurahi.

Kisha ikaja safari. Meshack na wafanyabiashara wenzake walikodi meli ya kuwatembeza wazazi wao Ziwa Tanganyika, kutoka Kasanga hadi Kigoma na kurudi, wiki nzima. Dominika alitaka kukataa. Alipomwona mwanawe anavyocheka akimwonyesha viatu vipya vya kufunika alivyomnunulia, akavipokea, akakubali.

Leonia, mke wa Meshack, alifungasha ndoo nzima ya unga wa ulezi. "Wengine wale wali wa meli," alisema. "Mama nitampikia huu. Ulezi ni dawa, hauna sukari."

Kule kwao wote waliamini hivyo. Dominika naye aliamini.

Asubuhi ya kwanza melini akaanza kuzunguka sitaha, akishika chuma cha pembeni.

"Mama Meshack, umeangusha nini?" aliuliza mzee Leonardi, baba wa mfanyabiashara mwingine.

"Sijaangusha kitu, mzee mwenzangu. Natembea."

"Unatembea uende wapi, na maji yametuzunguka? Kigoma si tunapelekwa na meli? Au unaisaidia kusukuma?"

Watu wakacheka mpaka wakapigana mabega. "Mwacheni, anatafuta pa kupalilia!" akadakia mwingine. Dominika naye akacheka, akamaliza mzunguko wake. Alipoanza wa pili hakuna aliyecheka. Wanawake walimtazama wakanong'ona, maana mjane mzee anayezungukazunguka mahali, midomo ikimchezacheza, watu hujiuliza anafanya nini. Yeye alikuwa anasali rozari.

Meshack akamfuata. "Mama, nakuomba ukae. Wenzangu wananiambia hata melini nimekupa kazi."

"Nesi alisema nitembee."

"Alisema ukiwa nyumbani. Hapa umekuja kupumzika. Usiniaibishe, mama."

Akamwekea kiti mbele kabisa, penye kivuli. Vijana wakawa wanapita hapo kumwamkia shikamoo, mmoja mmoja, kama kwa chifu.

Mchana Leonia alipiga magoti, akamnawisha, akaweka mbele yake ugali wa ulezi uliopanda kama kichuguu, na samaki wawili. Dominika akamega kiasi cha ngumi, akala, akausogeza uliobaki.

"Sikupika vizuri, mama?" Leonia aliuliza kwa sauti ya chini.

Wakwe wa watu walikuwa wamekaa pale, macho kwenye sahani. Dominika aliziona kope za yule binti zikilowa. Katika ukoo wao, mama mkwe akirudisha chakula mbele za watu, amemrudisha aliyekipika. Akauvuta ugali, akaumaliza. Ni ulezi tu, alijiambia. Jioni ukaja mwingine, na kesho yake, na kesho kutwa, na soda juu yake, kwa kuwa wazee walipewa soda kwanza.

Kiu ikamshika. Akawa anakunywa na kwenda chooni, anakunywa na kwenda chooni. "Angalau huku hamnizuii kutembea," aliwatania wanawake wa chumba chake. Walilala wanne humo. Aliona haya kugeuza nyayo mbele yao, akawa analala na soksi. Miguu ilivimba ndani ya viatu vipya, ukingo wa kiatu ukamla kisigino, na mguu wenyewe haukumwambia kitu.

Waliporudi Kasanga na kuingia garini, kiatu cha kulia kilikataa kutoka. Leonia akavuta. Kilipotoka, soksi ilikuja na ngozi. Harufu ikajaa gari. Meshack alifungua kioo, akaona alichofanya, akakifunga tena haraka.

Hospitalini walikata chini ya goti. Jane alikuja kumwona.

"Mama, ulikula nini huko?"

"Ulezi, mwanangu. Kama ulivyosema."

"Kiasi gani?"

Dominika akaonyesha kwa mikono. Jane akafumba macho kidogo. "Ulezi ni chakula, mama. Ukizidi, mwilini ni sukari ileile."

Leonia alitoka nje. Walimsikia akilia huko kwenye korido.

Nyumbani wageni walikuja kumpa pole, na kila aliyekuja alibeba sufuria. "Kula, mama Meshack, urudishe nguvu." Leonia alizipokea zote kwa heshima, akampakulia mama mkwe wake kiasi cha ngumi. Mgeni mmoja aliguna, "Huyu mkwe anamshindisha mwenzake njaa." Leonia alisikia. Hakuongeza.

Kisha, watu wakiwa wamekaa palepale, alichuchumaa akauinua mguu wa kushoto na kuugeuza kwenye mwanga wa mlangoni. Wageni walitazama pembeni. Leonia alipitisha kidole taratibu kwenye kisigino, akakisimamisha mahali pamoja, akarudia.

"Nini?" Dominika aliuliza.

"Kuna mpasuko, mama. Mdogo tu."

Meshack, aliyekuwa ameegemea ukuta, alishika uso wake kwa mikono yote miwili.

"Ule mwingine nao ulianza mdogo," Dominika alisema. "Nipe magongo yangu. Twende kliniki sasa hivi, wageni watatusamehe."