Siku Nne Barabarani kwa Ajili ya Kota

Nilisafiri kwa sababu ya aibu, sitawaficha. Nilikaa Johannesburg miaka tisa nikilinda maghala, na niliporudi Morogoro watu wakaniuliza nimeleta nini kutoka Sauzi. Wenzangu huleta gari. Mimi nilileta kota. Kwa msioijua, kota ni robo ya mkate mzima, inachimbwa katikati kama kinu, inajazwa chipsi na achari ya embe, na juu yake kinawekwa kipande cha poloni kilichokaangwa. Poloni nayo ni nyama ya kusagwa iliyoshindiliwa kwenye mfuko mwekundu, mnene kama mkono wa mtu mzima. Ni chakula cha watu wa kawaida, lakini jamani, kitamu! Kule niliila karibu kila asubuhi nikitoka lindo, na huku nyumbani nilikuwa naiota.

Mke wangu, Mama Neema, alikuwa na kibanda cha supu na chapati karibu na stendi ya Msamvu. Akanipisha. Miezi mitatu nilipika kota, na watu walikuja mara moja tu, hawakurudi. Shomari, dereva bodaboda wa pale stendi, aliniambia usoni, "Kaka, huu ni mkate na chipsi. Hivyo hata mke wangu anaweza." Nilipoionja mwenyewe nikaona anasema kweli. Poloni ilikuwa ileile, achari ileile, lakini ladha haikuwepo. Mama Neema hakugomba. Alisema, "Baba Neema, nenda ukaulize kule ulikokuwa ukiila. Ukirudi bila jibu, mimi narudisha sufuria yangu ya supu motoni." Nikaelewa kwamba kota ikifa, miaka yangu tisa itakuwa imekwenda bure machoni pake.

Jumatatu alfajiri nikapanda basi. Mimi ni mtu wa haraka, na njia ile haina haraka na mtu. Tunduma mpakani, foleni. Lusaka nikabadilisha basi. Chirundu foleni tena, na Beitbridge ndiyo usiseme. Jirani yangu kitini, mama mmoja wa Mbeya aliyekuwa akienda kumwona mwanawe, alinigawia karanga akaniambia, "Baba, hata ukinuna, basi haliongezi mwendo." Nilinuna hivyohivyo mpaka Polokwane.

Ijumaa asubuhi, Johannesburg. Baridi ilinipokea mlangoni mwa stesheni. Nikashika njia ya mashariki kwa miguu mpaka Jeppestown, kwenye karakana na hosteli za wanaume, mafundi wakichomelea vyuma kando ya barabara. Robot ya kona ile, maana huko taa za barabarani huitwa robot, ilikuwa haiwaki, kama nilivyoiacha. Kama yule mama aliyekuwa akiniuzia kota hayupo? Kama amehama? Nikakunja kona, nikaona kontena lake la bluu, dirisha wazi, na watu sita kwenye mstari. Nilitaka kulia, kusema kweli.

Mwenyewe ni Mama Alphonsine, Mkongo wa Kalemie, mnene, sauti nzito. Kota alifundishwa na jirani yake Mzulu miaka mingi iliyopita, na sasa Wazulu wenyewe wanapanga mstari kwake. Aliponiona alipiga kofi dirishani.

"Weye! Papa Neema! Haukufa?"

"Sijafa, mama. Shikamoo."

"Bado munaamkia vile!" akacheka. "Sasa unatafuta nini huku?"

"Kota yako. Yangu imekataa."

Alicheka mpaka akashika ubavu. "Eish, wanaume! Ingia. Nawa mikono. Ufanye moja, mi naangalia."

Nikaingia kwa kujiamini. Nilichimba mkate bila kuutoboa, nikajaza chipsi, nikapaka achari mpaka pembeni, nikakaanga poloni mpaka kingo zikajikunja kama kikombe, nikafunika kwa ile nyama ya mkate niliyoitoa. Nikaifunga kwenye karatasi na kumpa mteja aliyekuwa mbele, fundi mmoja wa kuchomelea mwenye ovaroli. Aliibonyeza kwa kidole, akatikisa kichwa.

"Hayi," akasema, akairudisha dirishani bila kuing'ata.

Nikamgeukia mama. Alikuwa amejishika kiuno.

"Unamupatia mutu kota yenye iko macho? Inapashwa ilale kwanza!"

Akaichukua, akaizungushia karatasi ya pili, akaitia kwenye beseni na kuifunika taulo nzito. Kisha akaegemea dirisha, akaanza kumuuliza yule fundi habari za goti lake, kwa Kizulu, bila pupa yoyote. Fundi akaeleza goti, akaeleza na daktari. Zilipita kama dakika kumi. Mama alipoifunua, mvuke ulikuwa umeingia kwenye mkate, mafuta ya achari yameshuka kwenye chipsi, na poloni imeachia chumvi yake yote. Fundi akaibonyeza tena, akaridhika, akaenda zake akitafuna. Mimi nikabaki nimeduwaa na kisu mkononi.

Kumbe! Miaka tisa nilisimama kwenye dirisha lile nikiulizwa habari za mama yangu, baridi, usingizi, bosi wangu, nami nikidhani huyu mwanamke ana umbea tu. Nilikuwa namjibu mkato: wazima, haya, nipe kota yangu. Nilipomwambia hivyo alinipiga bega.

"Ukimwambia mutu angoje, atakasirika," akasema. "Ukimuuliza habari ya mama yake, hajue hata kama anangoja. Na mi napenda kujua. Mama yako yuko mzuri?"

Nikamwambia kwamba amezeeka lakini yu mzima, bado analima bustani yake. Ilikuwa mara ya kwanza kumjibu vizuri.

Nilikaa naye Jumamosi na Jumapili, nikifunga kota na kupiga soga, nikitokwa na jasho kwenye soga kuliko kwenye kikaango. Jumatatu nikashika njia ya kurudi. Foleni zilikuwa zilezile. Beitbridge nilimuuliza kijana wa nyuma yangu kwao ni wapi, na mstari ulipofika mbele alikuwa hajamaliza.

Jumamosi, Morogoro. Shomari alikuja shingo upande. Nikaifunga kota yake, nikaifunika taulo.

"Tena tungoje?" akauliza.

"Mama hajambo?" nikasema, maana swali jingine sikuwa nalo.

Akanitazama kwa mshangao. Kisha akaniambia kwamba mama amenunua bata, na bata wanalala sebuleni, na mtu yeyote akiwatoa, anayelaumiwa ni yeye Shomari. Tulicheka sana. Nilipompa kota alitafuna, akameza, akasema, "Kaka, kumbe hii ndiyo uliyokuwa unaisema!" Jioni alirudi na wenzake wawili. Ilipofika Alhamisi, Mama Neema aliibeba sufuria yake ya supu kuipeleka nyumbani, bila kuambiwa na mtu.

Siku hiyohiyo jioni, wateja walipopungua, alikaa kwenye benchi la mbele akaagiza ya kwake. Nikaifunga, nikaifunika.

"Naona siku hizi unawauliza watu habari za mama zao," akasema.

"Ndiyo kazi yenyewe ilivyo."

"Miaka tisa ulikuwa unapiga simu. Mko salama? Neema anasoma? Haya, sawa. Unakata. Hata siku moja hukuniuliza mimi naishije."

Nilizima gesi, nikazunguka nje, nikavuta kiti nikakaa mbele yake.

"Niambie sasa," nikasema.

Akaanza na mwaka wa kwanza, mvua ilipoangusha ukuta wa jiko. Alipofika mwaka wa nne, kota ilikuwa imelala kupita kiasi, mkate umekuwa tepetepe. Aliila yote, na mwaka wa tano akanisimulia mdomo ukiwa umejaa.