Qali Hirsi na Saa ya Meli

Qali Hirsi hakuwa na neno "nitajaribu." Ukimpelekea saa, aliifungua, akaichungulia kwa ile lenzi ya marehemu baba yake, kisha akatoa hukumu moja kati ya mbili: "Itatembea," au "Kaizike." Mimi nilishona nguo kibaraza kimoja naye katika soko la Garissa kwa miaka kumi na mmoja, na sikumwona akibadili hukumu hata siku moja. Jambo hilo liliniudhi, maana mimi hupima kitambaa mara tatu na bado nakosea.

Mteja mgeni akija, akamkuta mwanamke aliyejitanda shungi nyuma ya meza, huuliza, "Fundi yuko wapi?"

"Anakutazama," Qali humjibu, lenzi ikiwa jichoni.

Baba yake, mzee Hirsi, alianza kumfundisha akiwa na miaka tisa. Hakujaliwa mtoto wa kiume na hakuona haja ya kumngojea. Alipofariki, watu walidhani kibanda kitafungwa. Qali alikifungua, akapangusa meza, akaendelea na saa ya mwalimu mmoja ambayo baba yake aliiacha katikati.

Basi mwaka 1994, wakati wa kiangazi, akaja Leyla, mke wa mfanyabiashara mmoja wa mbuzi wa mtaa wa Bulla Iftin. Alibeba kitu kizito ndani ya leso. Kilikuwa saa ya shaba, ya duara, pana kama sahani ya pilau, yenye matundu mawili ya ufunguo: moja la kuifanya itembee, moja la kuifanya ipige kengele.

"Hii ni ya aabo, baba yangu," Leyla alisema, kwa ile lafudhi ya Kisomali inayogeuza 'p' kuwa 'b'. "Inatembea, lakini haibigi."

Baba yake, Aweys, alikuwa mchochea makaa melini tangu ujana. Siku meli yao ya mwisho ilipopelekwa kuvunjwavunjwa, nahodha alimpa ile saa. Vita vilipomtoa Kismayu, alivuka mpaka na vitu viwili tu, saa na mkeka, naye macho yakiwa yamekwisha kabisa. Njiani saa ikaacha kupiga. Leyla alilelewa na bibi yake hapa Garissa, kwa hiyo hakuwahi kuisikia.

Kipofu asiye na saa ni mtu wa kuuliza. Mzee aliuliza "saa ngapi?" mara ishirini kwa siku, na watoto wa Leyla wakachoka. Siku moja wakamwambia alasiri imekaribia, kumbe hata saa sita haijafika. Mzee akatawadha, akakaa mkekani akingoja adhana hadi miguu ikamfa ganzi.

"Tangu siku hiyo haulizi tena," Leyla alisema. "Anakaa tu. Hataki toka nje."

Wakati huo mzee alikuwa Wajir kwa wajomba, ambako hakukuwa na simu. Angerudi Alhamisi. Leyla alitaka akirudi aikute saa inapiga.

Qali alifungua mgongo wa saa, akanusa, akakunja uso. Mtu mwenye nia njema alikuwa ameipaka mafuta ya nundu ya ngamia. Vumbi la safari lilikuwa limeingia humo likagandamana, na magurudumu ya kengele yalikuwa yamekwama kwenye uji mweusi.

"Itatembea," Qali alisema. "Na itapiga."

Kazi ikamchukua siku tatu. Aliloweka vyuma kwenye petroli. Kisha akachukua mswaki, ule mti wa kusugulia meno: upande mmoja akautafuna mpaka ukawa brashi ya kusafishia meno ya magurudumu, upande wa pili akauchonga ncha ya kuzungushia ndani ya vitundu. Alimaliza miswaki kumi na minne. Kumbe pia springi ndogo ya kurudisha nyundo ya kengele ilikuwa imekatika. Akakata ukanda kutoka saa mfu ya mezani, akaupasha moto kwenye jiko langu la pasi bila kuniomba ruhusa, akaukunja.

Jumatano asubuhi akaipanga saa kwa redio. Saa tatu kamili ikapiga mara mbili.

Abdiwali, fundi wa redio wa ng'ambo ya njia, akasogea. Saa nne ikapiga nne. Saa tano ikapiga sita. Kufikia saa sita mchana nusu ya soko ilikuwa kibarazani kwetu ikihesabu kwa sauti, na saa ikapiga nane. Watu walicheka hadi wauza maziwa wakaacha vibuyu vyao kuja kuona kulikoni.

"Walahi, saa imerukwa na akili!" Abdiwali akasema, akitaka tupa ya kukatia chuma. "Leta tuba nikate hilo gurudumu, bige kama saa za watu."

Leyla alikuwepo, naye hakucheka. Alisema kwa Kiswahili, si Kisomali, makusudi, ili sote tuwe mashahidi. "Qali, watoto wamedanganya aabo mara moja. Mimi nimbelekee saa ya kumdanganya kila siku? Kata. Kama huwezi, nampa Abdiwali."

Nilimtazama rafiki yangu na nikamwonea huruma, maana jina lake na la baba yake yote yalikuwa mezani. Yeye alimwita Leyla akamwekea lenzi jichoni.

"Ona kijigurudumu hiki chenye ngazi. Ndicho kinachohesabu. Ngazi ni ngapi?"

"Nane."

"Kuna iliyovunjika?"

"Hapana."

"Zote zimeng'aa kwa kazi. Saa hii imepiga nane miaka na miaka na baba yako akaibeba mgongoni akaacha mali yote. Mtu habebi kitu cha uongo namna hiyo. Mimi sijui inasema nini. Yeye anajua. Chuma kikikatwa hakirudi, Leyla. Ngoja kesho."

"Na akiniuliza kwa nini nimeiharibu?"

"Mlete hapa kwangu. Nitamjibu mimi."

Usiniulize kama nililala vizuri.

Alhamisi basi la Wajir liliingia mchana. Baada ya sala ya alasiri Leyla akamleta baba yake akimshika mkono: mzee mrefu, mkavu, makovu ya moto mikononi. Tulimkalisha kwenye kiti changu. Hakuna aliyemwambia lolote. Abdiwali alisimama pembeni na tupa yake mfukoni, nami nilitamani kumchoma sindano.

Saa ikapiga, milio miwili miwili. Mbili. Mbili. Mbili. Mbili.

Mzee alisimama wima kabla ya mlio wa mwisho kuisha.

"Zamu imekwisha," alisema, kwa Kiswahili cha bandarini. "Saa kumi kamili."

Abdiwali akatazama saa ya mkononi mwake: kumi kamili.

"Kila nusu saa inaongeza moja," mzee aliendelea, uso umelowa machozi na hajali. "Ikifika nane, zamu nyingine inaingia, hesabu inaanza upya. Zamu ni saa nne. Kule chini kwenye makaa, binti yangu, hakuna aliyeona jua. Sote tulikuwa vipofu. Tulikuwa na hii tu." Akapapasa meza. "Nani ameitengeneza?"

"Mimi, adeer," Qali alijibu, akimwita ami kwa heshima. " Qali binti Hirsi."

Alimshika vidole, akavigeuza kimoja kimoja. "Mafundi wa nchi kavu hutaka kuikata hesabu yake. Hukuikata."

"Sikuikata."

Leyla alijifunika uso kwa shungi. Mimi nililia waziwazi, sina aibu. Qali yeye aliomba leso ili afunge saa vizuri.

Mwezi mmoja baadaye nilipeleka dira, lile gauni pana nililomshonea, kwa Leyla. Mzee Aweys alikuwa barazani, saa imetundikwa juu ya kichwa chake, majirani wawili wamekaa naye. Ikalia kengele moja. Leyla akapaza sauti kutoka jikoni, "Aabo, saa ngapi?"

Mzee hakuharakisha. Alinyoosha miguu, akapangusa kikoi chake, akamwacha binti yake aulize mara ya pili. Ndipo akamjibu, "Saa kumi na nusu."